Tunarudi na vioo, viti tunaviacha Helsinki

Nilipofika Helsinki nilikuwa nimevaa soksi jozi tatu na bado vidole vya miguu nilikuwa sivihisi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Wakati huo jua la kule huchomoza kama saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na kabla hujamaliza kuchora jengo moja, saa tisa unusu hivi, limeshakwenda zake. Kwa sisi tuliozoea jua linalofika kazini kila siku saa kumi na mbili unusu, giza la saa kumi jioni ni kama mtu anakufanyia mzaha.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Tulikuwa kundi dogo kwenye ziara ya masomo: Copenhagen, Oslo, Stockholm, kisha meli ya usiku hadi Turku, na mwisho Helsinki. Tangu nirudi, wasee wa mtaani wananiuliza swali moja tu: "Uliona majengo makali?" Niliyaona. Huko Oslo nilipanda paa la jumba la opera kwa miguu, maana paa lenyewe ni mteremko wa marumaru nyeupe unaoanzia majini na kila mtu anaruhusiwa kuupanda. Wakati wa barafu unaupanda kama kuku aliyekanyaga makaa, lakini unaupanda.

Hayo yote ni sawa. Ila kilichonishika ni kitu kidogo zaidi. Kwa wiki mbili, kwenye miji ghali kuliko yote niliyowahi kukanyaga, ambako kikombe cha kahawa kinaweza kukumalizia pesa ya chakula cha siku, sikuwahi kukosa mahali pa kukaa bure.

Chukua maktaba ya Oodi, katikati ya Helsinki. Ilijengwa kama zawadi ya taifa kwa wananchi kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Ufini, ikafunguliwa Desemba 2018. Imetazamana na Bunge, uso kwa uso. Ghorofa ya juu ina vitabu na miti midogo ya ndani. Ghorofa ya kati ina cherehani, printa za 3D na studio za muziki. Nilimkuta kijana wa rika langu akishona suruali yake iliyopasuka. Pembeni yake mzee mmoja aliyeonekana hana kwake alikuwa amelala kwenye kiti, mifuko yake miguuni, na hakuna aliyemsumbua. Nilikaa hapo saa nne nzima. Hakuna aliyenifungulia begi wala kuniuliza namtafuta nani.

Sasa linganisha na nyumbani. Mwaka jana nilikuwa namngoja rafiki nje ya jengo moja jipya jijini Nairobi, nikaegemea ukingo wa bustani ya maua. Askari akanijia.

"Kijana, hapa hakukaliwi. Ingia ununue kitu ama usonge."

"Pole mkubwa, napumzika dakika mbili tu."

"Hizo dakika mbili zitanifuta kazi, ndugu yangu. Songa."

Simlaumu. Nilipoinuka niliona ule ukingo umepigwa vyuma vilivyochongoka ili mtu asikae. Vyuma hivyo havikujichomoza vyenyewe. Mtu wa taaluma yangu alikaa kwenye kiti chake kizuri, akavichora, akalipwa.

Jengo lililonifanya nifikirie haya kwa undani wala si maktaba. Ni hospitali ya zamani ya Paimio, nje kidogo ya mji wa Turku, iliyobuniwa na Alvar Aalto na kukamilika 1933. Ilijengwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Miaka hiyo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo. Tiba ilikuwa jua, hewa safi na kulala. Kwa hivyo jengo lenyewe lilikuwa sehemu ya tiba, na Aalto alilichukulia hivyo. Alijiuliza: mgonjwa aliyelala chali kutwa anaona nini? Anaona dari. Basi akapaka dari rangi ya kijani iliyotulia isimchome macho, na taa akaiweka mahali ambapo mgonjwa akiwa kitandani hatazamani nayo. Vyumba vilikuwa vya watu wawili, kwa hiyo sinki akalichonga kwa mteremko ili maji yaanguke bila kelele, mmoja akinawa usiku mwenzake asiamke.

Hebu fikiria. Mtu alikesha akiwaza kelele za bomba ili mgonjwa asiyemjua apate usingizi. Nilisimama mbele ya lile sinki nikaona aibu kidogo, kwa sababu kwenye michoro yangu ya miaka mitatu sijawahi kumchora mtu aliyechoka. Wale vibonzo tunaoweka kwenye picha za miradi ni mabibi na mabwana wanaotembea na vikombe vya kahawa. Hakuna aliyebeba mzigo wala anayengoja matatu, na hakuna aliyefika mjini saa moja asubuhi kwa usaili wa saa tano, asiyejua akae wapi katikati.

Badala ya hilo, tukisafiri tunarudi na vioo. Pita Westlands au Upper Hill uhesabu minara iliyovikwa kioo kuanzia chini hadi juu. Kule kaskazini dirisha kubwa lina maana yake: jua la Januari linatambaa pembeni mwa anga saa chache tu, na wao wanataka kila tone la mwanga, huku tabaka tatu za kioo zikizuia joto la ndani lisitoroke. Huku kwetu tuna saa kumi na mbili za jua mwaka mzima. Kioo kinachotazama magharibi kinageuza ofisi kuwa jiko, kisha tunalipa stima ya kupoza hewa. Nenda ukaone: mapazia yamefungwa mchana kutwa, na taa zinawaka. Tumenunua dirisha halafu tukaliziba.

Kinachochekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba kuna mtu wa kaskazini aliyetuonyesha njia zamani. KICC, iliyokamilika 1973, ilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwe akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Mtoto wa nchi yenye njaa ya jua alikuja Nairobi, na hakutuvalisha mnara wa kioo kitupu. Simama chini yake saa nane mchana uangalie juu, utaona madirisha yamerudishwa ndani nyuma ya mbavu zinazoyatupia kivuli. Sisi wenyeji, miaka hamsini baadaye, ndio tunaojenga kana kwamba tunaganda.

Najua mtakachosema. Oodi iligharimu takriban yuro milioni 98, na hela hizo kaunti itatoa wapi? Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kudanganya kwamba kule ni peponi. Watu wanakatwa kodi nzito, na unaweza kukaa na mtu benchi moja saa mbili bila hata salamu. Lakini kiti si teknolojia ya Ufini. Lamu kila nyumba ya zamani yenye heshima ina baraza mlangoni, benchi la mawe linalotazama njia, na mpita njia hukaribishwa kukaa. Ni mawe na chokaa tu. Hayo waliyajua wazee wetu wa pwani bila ziara ya masomo.

Nairobi ilianza vibaya zaidi. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa 1931, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Siku hizi mlango uko wazi, ila mji unaoizunguka bado unakuuliza una shilingi ngapi kabla hujaweka makalio chini.

Wiki iliyopita nimewasilisha mradi wangu wa muhula: maktaba ndogo ya mtaa huko Umoja. Upande wa barabarani sikuweka ua. Nimeweka baraza lenye paa, urefu wa jengo zima, kivuli kutwa. Mhadhiri mmoja aliinama akaitazama michoro, akavua miwani.

"Sasa hawa watu watakaokaa hapa kutwa," akaniuliza, "wanafanya nini?"

Nikamjibu, "Wanakaa, mwalimu."

Alama bado hazijatoka.