Fedha za Melini na Meza ya Kamari

Katika meli za starehe zing'oazo nanga Miami, abiria wengi hupewa na kampuni au wakala kiasi fulani cha kutumia safarini. Hawakipokei mkononi; huandikwa katika hesabu ya chumba, na mara nyingi kinachobaki hakirudishwi. Ndipo wajanja hukipitisha kasino: kwa kadi ya chumba fedha huhamishiwa kwenye mashine ya kamari, kisha abiria huomba alipwe taslimu dirishani.

Kampuni nyingine zimeiziba njia hiyo, nyingine hutoza ada. Ada si hoja yetu. Kati ya mashine na dirisha la mlipaji pana hatua chache tu, lakini ni wangapi wazivukao bila kujaribu bahati hata mara moja? Aliyefuata dola 100 za kupewa aweza kutoka amepoteza zake mwenyewe, na kwa kuwa melini kila kitu hulipwa kwa kadi, wengi huitambua hasara asubuhi ya kushuka.

Katekisimu, namba 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati yenyewe ni kinyume cha haki; huikataa inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Na wengine hao wako melini humo humo: wahudumu, ambao wengi hutegemea bakshishi. Fedha za kupewa zilipie vinywaji na matembezi ya nchi kavu. Bakshishi itengwe nyumbani, kabla ya kupanda meli.