Goma: masikio ya wazee yanahitaji usingizi

Katika mji wa Goma, mzee akianza kuongeza sauti ya redio na kujibu asichoulizwa, watu wa nyumbani wanacheka tu: ni uzee. Ni kweli kwa sehemu. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zinakufa kadiri miaka inavyopita, na zikisha kufa haziote tena. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana shida kubwa ya kusikia.

Lakini uzee haufanyi kazi peke yake. Sikio halina kifuniko kama jicho. Mtu akilala, linaendelea kupokea, na moyo unaweza kupiga mbio hata kama hakuamka. Watafiti wameona kwamba wanaolala vibaya, hasa wanaokoroma mpaka pumzi inakatika, mara nyingi wanasikia vibaya pia. Kipi kinaleta kingine, mabishano hayajaisha. Kwa mkaaji wa Birere au Majengo, jibu hilo si la kungojea: kelele moja inamuibia vyote viwili.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao na mabati, nyingine zimesimama juu ya mawe ya volkano yaliyomwagwa na Nyiragongo mwaka 2002. Ubao hauzuii sauti. Nganda inapiga muziki mpaka usiku wa manane, kanisa la jirani liko kwenye mkesha, jenereta inanguruma katikati. Mwaka 2009 OMS iliandikia nchi za Ulaya kwamba usiku kelele ya nje isipite desibeli 40. Masikio ya Ndosho hayako tofauti. Na kwa anayekaa karibu na bafle, desibeli 90 ni za saa 4 tu kwa wiki nzima. Mkesha mmoja unazimaliza.

Wenye nganda wanatafuta maisha, wachungaji wanaita watu kwenye sala. Haki hiyo wanayo. Haki ya kuelekeza bafle kwenye kitanda cha jirani, hawana.

Milio ya silaha ya Januari 2025, hakuna mkubwa wa avenue aliyeweza kuizuia. Bafle anaweza. Saa nne za usiku ziingizwe ndani na sauti ishushwe, nyumba kumi apite kuhakikisha, ili mzee asitoke mwenyewe gizani kwenda kuomba kimya kwa jirani ambaye, kwa makelele yake, hata hodi haisikii.