Afya ya Askari wa Langoni

Mgonjwa anayefikishwa Upanga kwa bajaji kutoka Kariakoo usiku wa manane hapokewi kwanza na daktari. Humpokea askari mlinzi wa kampasi: ndiye afunguaye lango, aelekezaye jengo la dharura, na ndiye atukanwaye na ndugu waliozuiwa kuingia nje ya saa za kuona wagonjwa.

Kazi hiyo ina gharama mwilini. Kusimama muda mrefu huvimbisha miguu. Kukesha mara kwa mara huvuruga usingizi, na tafiti zimehusisha zamu za usiku na shinikizo la juu la damu pamoja na kisukari. Mlo wa lindoni nao, aghalabu, ni chipsi na soda.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na malipo ya ziada kwa kazi ya usiku. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Taasisi inayokodi kampuni ya ulinzi isijivue wajibu huo. Iuandike katika mkataba, pamoja na kiti na maji ya kunywa.

Mhudumu wa afya mwenzangu, tusipite langoni na vipimo mkobani huku anayetulinda hajui shinikizo lake. Nawe askari, usingoje kizunguzungu: maradhi haya mara nyingi hayatoi dalili. Omba upimwe.