Galiamu na taa za LED: Hatari kwa mwagizaji iko wapi?

Tangu Agosti 1, 2023, China inataka leseni kwa kila shehena ya galiamu inayotoka nchini humo. Nchi hiyo huzalisha zaidi ya asilimia 95 ya galiamu ghafi duniani, metali inayopatikana boksiti inaposafishwa ili kupata alumini.

Desemba 2024 Beijing ilipiga marufuku kuiuzia Marekani metali hiyo, kisha Novemba 2025 ikasimamisha marufuku hadi Novemba 27, 2026. Masharti ya leseni yalibaki.

Waagizaji wa taa za LED wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuuliza kama biashara yao imo hatarini. Orodha ya China inataja galiamu na misombo yake, ikiwemo nitraidi ya galiamu. Taa iliyokamilika haimo. Aidha, galiamu iliyomo katika taa moja ni chembe ndogo mno.

Hatari kubwa iko kiwandani. Chipu ya LED huanza na kisahani cha yakuti kilichopashwa moto wa nyuzi joto 1,000 hivi, kisha gesi yenye galiamu na amonia hupitishwa juu yake. Utando wa nitraidi hujijenga tabaka kwa tabaka, na wote huwa mwembamba kuliko unywele. Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kufanikisha LED ya buluu kwa njia hiyo.

Tabaka linalotoa mwanga huongezwa indiamu. Joto likipanda au kushuka kidogo tu, kiasi cha indiamu hubadilika na rangi ya mwanga nayo hubadilika. Ndiyo maana viwanda hupima utando kwa eksirei na kwa mwanga, kisha chipu hupangwa kwa madaraja ya rangi na nguvu.

Chipu za daraja la chini nazo hupata soko, na kwa macho hazitofautishwi na nyingine. Katoni moja inaweza kutoa taa nyeupe, nyingine za njano, na nyingine zinazofifia mapema.

Mwagizaji anayetaka kujilinda adai daraja la rangi liandikwe kwenye mkataba, pamoja na ripoti ya LM-80, kipimo kinachowasha LED kwa saa 6,000 au zaidi. Adai hayo kabla ya kumalizia malipo. Kontena likishafika Mombasa au Dar es Salaam, nauli imeshalipwa, na hasara ni yake.