AFYA NYUMBANI: Aliyechanjwa na Tiba ya Mzizi wa Jino

Chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa Bujumbura mwezi Oktoba 2021, uvumi ulikuwa umekwisha kuzagaa katika nchi nyingi kwamba aliyechanjwa akidungwa sindano ya ganzi atakufa. Si kweli hata kidogo. Ndugu askari, nawe mama wa nyumbani, msivumilie jino bovu kwa hofu hiyo.

Mzizi ukishatibiwa, maumivu huzidi siku ya kwanza, kisha hupungua kwa siku chache. Mtu mzima mwenye ini zima aweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aspirini isibandikwe kwenye ufizi, kwani huunguza. Uso ukivimba au homa ikipanda, rudini upesi kwa daktari.