Utafiti wa Korosho Hauombwi kwa Hisani: Mkulima Alishaulipia

TAHARIRI

Kila mnada wa korosho ukikaribia, simu za vijana wa Kusini hujaa swali moja tu: safari hii bei ngapi? Na sisi wa upinzani, tuambizane ukweli, swali hilo tumelilea. Tukipanda jukwaani Newala au Masasi tunaanza na bei, tunaendelea na kangomba, tunamalizia na makato ya AMCOS. Makofi yanapigwa, tunashuka. Ni nadra sana kumsikia msemaji wetu akiuliza: kituo cha utafiti cha Naliendele kimepata shilingi ngapi mwaka huu?

Bei ina makofi, utafiti hauna. Lakini bila utafiti hakuna cha kupeleka mnadani. Leo tunataka kulisema hilo kwa kirefu kidogo, kwa sababu fedha za utafiti wa korosho zina historia ambayo kila kijana wa chama chetu anapaswa kuijua kwa kichwa, kama anavyojua matokeo ya uchaguzi wa kata yake.

Tuanzie nyuma. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Tulikuwa miongoni mwa vigogo wa dunia. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tumeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Wazee wanazitaja sababu zake bila kusoma kitabu: watu walihamishwa kwenye vijiji vipya wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ya mkulima ikawa haina maana, mashamba yakageuka pori. Juu ya yote hayo ukaja ugonjwa. Wakulima waliuona kama unga mweupe kwenye majani machanga na maua. Ua likishapata unga ule linakuwa jeusi, linakauka, linadondoka. Mti unabaki umesimama, wa kijani, mzuri wa kivuli, lakini hauna korosho. Ndio ubwiriunga.

Hivi ubwiriunga ulidhibitiwa na nani? Si hotuba ya waziri, wala si operesheni ya mkuu wa mkoa. Ni watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wakisaidiwa na wenzao kutoka Uingereza na baadaye kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia. Walikaa mashambani msimu baada ya msimu wakichunguza kimelea kile kinaanza lini, kinasafirije kwa upepo, kinapenda sehemu gani ya mti. Wakaonyesha kwamba salfa ya unga inakizuia, ila kwa masharti: ipulizwe mapema, majani machanga na maua yanapoanza kutoka, ipulizwe alfajiri, upepo umetulia na umande bado upo ili unga ushike. Wakaonyesha pia kwamba kupogolea na kupunguza mikorosho iliyosongamana kunapunguza ugonjwa. Wakachagua miti iliyovumilia ugonjwa na kuzaa vizuri, wakaibebesha, na miche yake ikaanza kusambazwa vijijini.

Hayo hayakufanyika kwa mwaka mmoja wa bajeti. Mche wa mkorosho uliobebeshwa unahitaji kama miaka mitatu kabla hujaona korosho ya maana. Mtafiti anayelinganisha miche kumi anahitaji kuiona ikizaa misimu kadhaa, kwenye udongo tofauti, mwaka wa mvua na mwaka wa jua kali. Ndiyo maana ukikata fedha ya utafiti leo huoni kitu. Mwakani huoni kitu. Unakuja kuona baada ya miaka kumi, wakati waziri aliyeikata yupo kwenye pensheni yake na mkulima yupo shambani peke yake.

Sasa tuje kwenye fedha yenyewe. Korosho ghafi inayouzwa nje inatozwa ushuru, asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Anayeandika hundi ni msafirishaji, lakini mtu asikudanganye kwamba ndiye anayeubeba. Mnunuzi anapokaa mnadani anapiga hesabu zake: usafiri, maghala, ushuru. Kinachobaki ndicho anachomwandikia mkulima. Ushuru ule unatoka kwenye gunia la mkulima wa Tandahimba kabla hajaliona.

Kwa nini wakulima waliukubali? Kwa sababu Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 na marekebisho yake ilisema waziwazi kwamba asilimia 65 ya mapato hayo itarudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, miche, ubanguaji, utafiti. Asilimia 35 ndiyo ingekwenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Huo ulikuwa mkataba. Tunakukata, lakini sehemu kubwa inarudi shambani kwako.

Na kwa muda mkataba ulionyesha matunda, pamoja na kasoro zake zote za usimamizi, ambazo hatuzifichi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa kabla. Bei nayo ilipanda. Kusini watu walijenga, walisomesha, walinunua bodaboda.

Halafu ikaja Juni 2018. Ndani ya mjadala wa bajeti, Serikali ikapeleka marekebisho ya sheria kwamba mapato yote ya ushuru ule yaende Mfuko Mkuu. Yote. Wabunge wa Kusini walisimama, na tuwape haki yao, wakiwemo wa chama tawala. Walidai pia zaidi ya shilingi bilioni 200 ambazo walisema zilipaswa kuwa zimeshakwenda kwenye zao na hazijakwenda. Wakasikilizwa, wakajibiwa kwa ukali, kura zikapigwa, sheria ikapita. Mkataba na mkulima ukavunjwa na mkulima hakuulizwa.

Yaliyofuata mnayajua. Wanunuzi walikuja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta magari ya jeshi kuibeba. Wengi walichelewa sana kulipwa. Mavuno yakashuka hadi takribani tani 225,000 msimu ule, na misimu miwili baadaye yalikuwa karibu tani 210,000.

Hatutasema kushuka kote kule kulitokana na kukatwa kwa fedha za tozo. Hali ya hewa ilikuwepo, malipo yaliyochelewa yalikuwepo, watu walikata tamaa. Lakini muulize mkulima yeyote wa Nachingwea: asipolipwa Desemba, Juni salfa atainunua kwa nini? Na salfa haina msamaha. Haifufui ua lililokwisha kufa. Ikichelewa mwezi mmoja, umepulizia mti wa kivuli.

Kuna watakaotuambia: mbona mambo sasa ni mazuri? Ni kweli, na upinzani usioweza kukiri zuri haustahili kusikilizwa. Miaka ya baadaye sehemu ya mapato ya tozo ilirudishwa kwenye kilimo, ruzuku ya salfa na viuatilifu ikarudi, na msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani laki tano. Tunawapongeza wakulima, tunawapongeza maofisa ugani na watafiti waliokaa vituoni mwao hata kipindi kile kigumu.

Lakini ndugu zangu, huo ndio ushahidi wetu. Fedha ikirudi shambani, korosho inarudi. Kilichotokea 2018 kilionyesha kwamba mgao ule unaweza kufutwa kwa kifungu kimoja cha muswada wa fedha, mwaka wa serikali ukikaribia kuisha. Kilichorudishwa kwa hiari ya mtu kinaweza kuondolewa kwa hiari ya mtu. Tatizo letu halijawahi kuwa ukosefu wa viongozi wenye nia njema. Ni kwamba mfumo wote unategemea nia zao.

Wapo pia watakaosema kwamba Hazina ni ya wote, na kwamba hospitali ya Kigoma au barabara ya Katavi nayo inahitaji fedha. Hoja hiyo tunaiheshimu. Mkulima wa korosho analipa kodi kama wengine: kwenye sabuni, kwenye mafuta, kwenye muamala wa simu. Huko ndiko anakochangia hospitali na barabara. Ushuru wa korosho aliulipa juu ya hizo, kwa kazi iliyotajwa. Ukimchangisha mtu fedha ya msiba halafu ukajengea ukuta, hata kama ukuta ni mzuri, umemdhulumu.

Nchi hii ilishawahi kuona utafiti wake ukiwanufaisha wengine kuliko sisi. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Chini ya Waingereza, kuanzia miaka ya 1930, watafiti wa pale waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira, ili kupata muhogo unaostahimili batobato na michirizi kahawia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 shughuli kuu za kituo zikahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Mbegu za kazi ile zilisafiri hadi Ibadan, Nigeria, na huko zikawa msingi wa aina za muhogo ambazo taasisi ya kimataifa ya IITA ilizisambaza Afrika. Leo Nigeria ndiyo inayoongoza duniani kwa muhogo. Mkulima wa Tanga bado anang'oa mizizi iliyooza kwa michirizi kahawia. Utafiti ni kama mti wenyewe: hula matunda yake yule aliyeendelea kuumwagilia.

Na adui hajalala. Miaka ya 2010 huko Mkuranga uligunduliwa ugonjwa mwingine wa mikorosho, mnyauko fuzari. Huu haupigi maua tu. Unaziba njia za maji ndani ya mti, majani yanageuka njano, mti mzima unakufa, na kuvu yake inabaki udongoni. Salfa haiufikii. Wakati huohuo korosho imepelekwa hadi Manyoni mkoani Singida, kwenye mvua na udongo tofauti kabisa na wa Mtwara. Miche ipi inafaa kule? Ipi inavumilia mnyauko? Maswali hayo hayajibiwi kwa ziara ya kiongozi na kofia ya majani. Yanajibiwa na binti au kijana aliyetoka SUA, ana shahada, ana gari lenye mafuta, ana maabara yenye vitendanishi, na ana uhakika kwamba mwakani mradi wake haujafa.

Umoja wa Afrika, ambao sisi ni wanachama, uliweka lengo la kila nchi kutenga angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Hatujafika. Hatusemi tutafika kesho. Tunasema tuanze na fedha ambayo mkulima ameshaitoa mfukoni.

Kwa hiyo madai yetu ni matatu, na tunaomba kila tawi liyachukue kama yake.

Kwanza, sheria ya korosho irudishe mgao wa tozo kwa asilimia iliyoandikwa, na ndani ya mgao huo sehemu ya utafiti itajwe yenyewe, isichanganywe na pembejeo. Salfa ni ya msimu huu, utafiti ni wa miaka kumi ijayo. Ukiviweka kwenye mfuko mmoja, siku zote salfa itaumeza utafiti. Na mgao huo usiguswe na muswada wa fedha bila wakulima kusikilizwa kupitia vyama vyao.

Pili, kila mwaka itolewe taarifa ya wazi: tozo imekusanya kiasi gani, Naliendele iliidhinishiwa kiasi gani, na kiasi gani kilifika kweli. Fedha iliyopitishwa Dodoma na fedha iliyofika kituoni ni vitu viwili tofauti. Taarifa hiyo ibandikwe ofisi za AMCOS, kwa Kiswahili, kama orodha ya malipo inavyobandikwa.

Tatu, matokeo ya utafiti yamfikie mkulima. Ripoti iliyofungiwa kabatini haizuii ubwiriunga. Halmashauri zinakusanya ushuru wa mazao kila mnada. Zitoe usafiri kwa ofisa ugani.

Na sisi tuna kazi ya kufanya. Kijana unayesoma hapa kutoka Lindi, Mtwara, Ruvuma au Pwani, kwenye mkutano ujao wa kijiji usiulize bei peke yake. Uliza miche mipya imetoka wapi, nani ameipima, na mkorosho ulionyauka kwa jirani yako umeripotiwa kwa nani. Diwani wako akikosa jibu, andika. Mbunge wako, awe wetu au wa kwao, mpelekee swali kwa maandishi kabla ya Bunge la bajeti, na umwombe majibu kwa maandishi.

Chama kitakachoomba kura Kusini kwa ahadi ya bei bila kusema kitaulindaje utafiti, hata kikiwa chama chetu, kiulizwe hadharani. Bei inapangwa na watu wa mbali, Vietnam na India. Utafiti tunaweza kuulinda sisi wenyewe, kwa sheria yetu, kwa fedha yetu. Tusipoulinda, ubwiriunga wa kesho hautauliza nani alishinda uchaguzi.