CHUMA CHA NG'AMBO NA CHUMA CHA WAHUNZI WETU



Wako wasemao kwamba wahunzi wa Kikuyu walishindwa na chuma cha Uingereza kwa sababu ya uvivu. Hesabu ya bei haisemi hivyo.

Zamani, pande za Nyeri na Murang'a, chuma kilianzia mtoni. Watu waliosha mchanga mweusi, wakachoma makaa, wakavuvia moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Jasho la wengi lilitoa bonge dogo tu. Majembe ya viwandani yalikuja kwa meli, kisha kwa reli, ambayo ilipita Karatina na kufika Nanyuki mwaka 1930. Mhunzi alizima tanuri, akabaki kufua chuma cha kununua.

Bei nafuu ilimfaa mkulima, hilo hatukatai. Lakini mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilipandisha ushuru wa ngano, siagi na mbao za kutoka nje ili kuwalinda walowezi. Huko India, sheria ya mwaka 1924 ililinda viwanda vya chuma cha pua, na chuma ghafi cha Tata kiliuzwa hata Japani. Tanuri la mhunzi wetu halikulindwa na mtu.

Basi nyuma ya bei kuna sheria, na nyuma ya sheria kuna wenye sauti. Leo fundi wa Karatina akiambiwa kwamba jiko lake ni ghali kuliko la kutoka nje, tuulize kwanza: ushuru unamlinda nani? Wahunzi hawakuwa na chama cha kuwaulizia. Sisi tunacho.